Kuchafua na Kuchafuka: Jina la Nchi katika Lugha ya Wasiwasi wa Kisiasa

Mhadhara huu unahusu mzizi mmoja wa Kiswahili na kazi mbili unazofanya pindi nchi inapoingia katika misukosuko ya kisiasa. Mzizi wenyewe ndio ule unaozaa kivumishi -chafu. Kutokana nao hupatikana kitenzi kuchafua, kisha kuchafuka, na hatimaye nomino machafuko, ambayo ni mojawapo ya majina ya kawaida ya vurugu za kisiasa katika magazeti na redio za Afrika Mashariki. Kitenzi kuchafua nacho kimepata makao katika kifungu kingine kilichozoeleka mno, yaani kuchafua jina la nchi. Hivyo mzizi uleule hutaja umwagaji damu, na hutaja pia habari za umwagaji damu huo zinapofika ugenini. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba kazi hizo mbili hazikugawanywa kwa usawa. Penye damu husemwa kuwa nchi imechafuka. Penye habari husemwa kuwa fulani ameichafua. Mtenda huonekana mahali pamoja tu, na mara nyingi mahali hapo si pale kosa lenyewe lilipotendeka.

Tofauti hii ni ya kisarufi kabla ya kuwa ya kisiasa. Mwanafunzi wa mnyambuliko wa vitenzi hufundishwa mapema kwamba sentensi "kikombe kimevunjwa" humruhusu msikilizaji kuuliza "na nani?", ilhali "kikombe kimevunjika" haimpi nafasi hiyo. Kauli ya kutendwa humweka mtenda nyuma ya pazia, lakini pazia lenyewe huonekana, na kila mtu hujua kwamba nyuma yake yupo mtu. Kauli ya kutendeka huondoa pazia pamoja na aliyekuwa nyuma yake. Baharia anaposema kwamba bahari imechafuka, hamtafuti aliyeichafua. Pepo zimevuma, mawimbi yamesimama, vyombo havitoki, basi. Ni matumizi ya haki kabisa. Shida huanza pale nchi inaposemwa kwa sarufi ya bahari.

Nchini Tanzania bahari hiyo imekuwamo katika usemi wa kisiasa kwa muda mrefu, kwa sababu nchi ilijiita kisiwa cha amani. Sitiari ya kisiwa haikamiliki bila maji yaliyochafuka pande zote, na katika miaka ya 1990 maji hayo yalionekana kwa macho. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi. Arusha ikawa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda. Ni Arusha hiyohiyo ambako Warundi waliketi kusuluhishwa, kwanza chini ya Julius Nyerere hadi alipofariki Oktoba 1999, kisha chini ya Nelson Mandela, hata mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Sifa hiyo haikuwa ya uongo. Ilikuwa na mizizi katika kazi iliyofanyika kweli, na wananchi wengi waliionea fahari.

Miezi mitano baadaye sitiari ilipata pigo, na pigo lenyewe lilitoka visiwani. Uchaguzi wa Zanzibar wa tarehe 29 Oktoba 2000 ulivurugika, ukarudiwa katika majimbo 16, na matokeo yakakataliwa na Chama cha Wananchi. Maandamano yaliyoitishwa tarehe 27 Januari 2001 yalikabiliwa kwa risasi Unguja na Pemba. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu watu 31 waliokufa. Shirika la Human Rights Watch lilitaja watu wasiopungua 35 na majeruhi zaidi ya 600. Watu zaidi ya 2,000 walivuka mkondo wa Pemba kwa vyombo vidogo na kupanda pwani ya Shimoni nchini Kenya.

Hapo ndipo neno mkimbizi lilipobadilika. Katika Kiswahili cha Tanzania, kwa miongo minne, mkimbizi alikuwa mgeni: Mrundi, Mnyarwanda, Msumbiji, au mpigania uhuru kutoka kusini. Neno hilo lilimhusu anayepokewa, na mwenye kupokea alikuwa Mtanzania. Januari 2001 Mtanzania akawa mkimbizi wa mwingine. Na huko Shimoni hakupokewa na watu wa mbali, kwani pwani ile ni ya wasemaji wa Kichifundi na Kivumba, lahaja zilizo karibu na Kipemba, na udugu wa pande mbili za mkondo huo ni wa kale kuliko mpaka. Mpemba aliyeshuka chomboni alihojiwa kwa lugha aliyoielewa bila mkalimani. Kwa mwanaisimu hilo ni jambo la kawaida kabisa. Kwa serikali ilikuwa fedheha, kwa kuwa ushahidi ulitolewa kwa Kiswahili, na Afrika Mashariki nzima iliweza kuusikiliza.

Namna fedheha hiyo ilivyosemwa yafaa kuangaliwa neno kwa neno. Kuhusu waliokufa, usemi ulioenea ni kwamba vurugu zilitokea, amani ikavunjika, hali ikachafuka, na watu wakapoteza maisha. Vitenzi viwili vya katikati ni vya kutendeka. Kitenzi cha kwanza kinazifanya vurugu zijitokee zenyewe. Cha mwisho ni cha ajabu zaidi. Kupoteza ni kitenzi chenye mtenda, na mtenda aliyewekwa hapo ni maiti: yeye ndiye aliyepoteza, kama apotezavyo ufunguo. Kiswahili kinalo neno waliuawa, na lingehitaji herufi chache kuliko "walipoteza maisha". Kuhusu habari, kinyume chake, sarufi hurejea katika uhai wake wote. Waandishi wanachafua jina la nchi, wanaharakati wanaipaka matope, wapinzani wanaitia doa, vyombo vya nje vinaiharibia sifa. Kila kitenzi kina mtenda, na kila mtenda ana anwani.

Isidhaniwe kwamba mtindo huu ni wa Watanzania peke yao. Nchini Kenya, ambako nako serikali ya miaka ya Nyayo ilihubiri amani, upendo na umoja, matokeo ya uchaguzi wa urais yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007 na Mwai Kibaki akaapishwa jioni ileile. Yaliyofuata yakapewa jina ambalo limebaki hadi leo: ghasia za baada ya uchaguzi. Jina hilo lina wakati lakini halina mtu. Tume ya Jaji Philip Waki ilitoa hesabu ya watu 1,133 waliouawa, 405 kati yao kwa risasi. Tume hiyohiyo iliwaorodhesha washukiwa wakuu na kuyatia majina yao katika bahasha iliyofungwa, ikakabidhiwa Kofi Annan mwezi Oktoba 2008, naye akaipeleka kwa Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai Julai 2009. Bahasha ya Waki ikaingia katika msamiati wa kila siku. Ni vigumu kupata mfano bora wa mtenda aliyefichwa: safari hii hakufutwa na kiambishi, alifungiwa ndani ya karatasi, na nchi nzima ikawa inajua kwamba yumo. Bahasha ilikuwa kauli ya kutendwa. Ndiyo maana ilitisha.

Kenya hutoa pia mfano mchungu zaidi wa msamiati wa uchafu. Katika Bonde la Ufa, tangu mapigano ya miaka ya 1990, neno madoadoa lilitumiwa kuwataja raia wa makabila mengine waliohamia huko, na kuondoa madoadoa kukawa na maana ya kuwafukuza. Mwaka 2022 Tume ya Kitaifa ya Utangamano na Uwiano ililiweka neno hilo katika orodha ya maneno ya chuki. Yaani doa lililokuwa likihofiwa lisiingie katika jina la nchi, mashambani lilikuwa ni mtu: jirani mwenye nyumba, ng'ombe na watoto shuleni. Penye sitiari ya usafi, mwenye kuamua kipi ni uchafu ndiye mwenye nguvu.

Hata hivyo kuna pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Yapo mazingira ambamo kauli ya kutendeka ni heshima. Kijijini Pemba, ambako katika miaka ya mivutano watu walisusiana maziko na harusi kwa sababu ya vyama, kusema "mambo yaliharibika" ni njia ya kumwachia jirani nafasi ya kurudi barazani. Hakuna anayemtaja aliyeharibu kwa sababu kila mmoja anamjua, na kumtaja ni kuanza upya. Ufichaji wa aina hii ni wa waliokosewa, nao wana haki nao. Tofauti iko kwa msemaji. Aliyepigwa akisema "yalitokea", anasamehe; aliyepiga akisema vivyo hivyo, anajisamehe mwenyewe. Sarufi ni moja, lakini kitendo cha usemi si kimoja, na uchambuzi unaoishia kwenye kiambishi -k- bila kuuliza nani anasema utakuwa umefanya nusu ya kazi.

Majina ya mapatano nayo yana habari yake. Vyama vya Zanzibar vilitia saini muafaka mwaka 1999, na mwingine tarehe 10 Oktoba 2001. Neno muafaka lilikuja kutoka Kiarabu likiwa limekwisha kuundwa, na msemaji wa Kiswahili haoni viungo vyake. Mapatano ya Novemba 2009 kati ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad yakaitwa maridhiano. Hilo nalo lina asili ya Kiarabu, lakini limepita katika kiwanda cha Kibantu: ridhi, ridhiana, maridhiano. Kiambishi -an- hudai watu wawili wanaotendeana, wala mmoja hawezi kuridhiana peke yake. Pengine ni bahati tu ya msamiati. Lakini maridhiano ndiyo yaliyozaa kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambapo asilimia 66.4 waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na uchaguzi wa mwaka ule ukapita bila maziko. Wakenya, kwa upande wao, walipata serikali ya mseto, jina la chakula cha wali uliochanganywa na choroko. Wenye ulimi mkali waliiita nusu mkate.

Utulivu wa Zanzibar haukudumu. Tarehe 28 Oktoba 2015 matokeo yalifutwa, uchaguzi ukarudiwa tarehe 20 Machi 2016 huku Chama cha Wananchi kikisusia, na siku chache baadaye shirika la Marekani la Millennium Challenge Corporation likasitisha ushirikiano wake na Tanzania. Dola milioni 472 zilizokuwa zikitazamiwa, hasa kwa ajili ya umeme, zikapotea. Hapo jina la nchi lilipata bei iliyoandikwa kwa tarakimu, na kufutwa kwa uchaguzi wa Zanzibar kulitajwa miongoni mwa sababu. Waliosema kwamba nchi imechafuliwa na wenye kupiga kelele walikuwa na kazi ngumu ya kueleza, kwa kuwa hati ya uamuzi huo ilizungumzia uchaguzi pamoja na sheria ya makosa ya mtandao, na si makala za gazeti.

Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 umeurudisha mjadala huu mahali ulipoanzia, safari hii Tanzania Bara. Watu waliandamana Dar es Salaam na katika miji mingine, risasi zikapigwa, intaneti ikakatwa kwa siku kadhaa, na jijini Dar es Salaam ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku. Kwa majuma kadhaa serikali haikutoa idadi ya waliouawa. Waangalizi wa Umoja wa Afrika na wale wa Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango. Hao si wageni wa mbali, ni jumuiya ambazo Tanzania ilishiriki kuziasisi. Novemba ikaundwa tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba zikafutwa.

Katika taarifa za umma za kipindi hicho lilienea neno uvunjifu wa amani, nalo linastahili nafasi yake katika kazi za mofolojia. Kiswahili kina uvunjaji, lenye kiambishi -ji cha mtenda, na ndilo linalotumika sana katika uvunjaji wa sheria. Kina kuvunjika, lisilo na mtenda. Kina ukiukwaji wa haki, lenye -w- ya kutendwa, ambalo mawakili hulipenda kwa kuwa huacha mlango wa swali wazi. Uvunjifu halimo katika safu hizo. Umbo lake ni la sifa, kama ukunjufu na upotofu, yaani hali ya mtu au ya kundi zaidi kuliko tendo la saa fulani. Mwenye uvunjifu hahitaji kuthibitishwa kwamba amevunja kitu. Inatosha kwamba yuko hivyo. Katika matumizi ya mwaka 2025 neno hilo lilielekezwa kwa umati, na ni nadra lilipoelekezwa kwa aliyeshika bunduki. Kwa aliyeshika bunduki kilitumika kitenzi kingine, kudhibiti, ambacho kisarufi kina mtenda na kitendwa, lakini kitendwa chake karibu kila mara kilikuwa hali. Hali ilidhibitiwa. Wafiwa waliokwenda hospitali hadi hospitali kutafuta miili hawakuwa wakitafuta hali.