Kiu ya Mchana na Vijiwe vya Figo

Leo nazungumza nanyi kutoka Guangzhou, kusini mwa China. Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki hufikia hapa katika mtaa wa Xiaobei, na tangu asubuhi huzunguka masoko ya jumla katika joto lenye unyevunyevu.

Dada mmoja wa Kariakoo aliniambia kuwa hanywi maji mpaka jioni. “Kaka, nikinywa nitahangaika kutafuta choo, na mzigo nimwachie nani?” Jioni hukata kiu kwa soda mbili baridi.

Mwili unapotoa jasho bila kupata maji, mkojo hupungua na kuwa mzito. Chumvichumvi zilizomo, hasa kalsiamu na oksaleti, hugandamana na kuwa vijiwe. Uchunguzi wa altrasaundi ulioongozwa na madaktari wa Guangzhou na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta vijiwe kwa takriban watu wazima 6 katika kila 100 nchini China. Kutokwa na jasho jingi kulihusishwa na hatari kubwa zaidi.

Je, maji husaidia kweli? Nchini Italia, wagonjwa 199 waliopata kijiwe kwa mara ya kwanza walifuatiliwa kwa miaka 5. Matokeo yalitolewa mwaka 1996: miongoni mwa walioagizwa kunywa maji mengi, 12 kati ya 99 waliugua tena, miongoni mwa wengine, 27 kati ya 100. Kwa hiyo kipimo si bilauri ulizokunywa, bali mkojo unaotoka. Aliyewahi kuugua hushauriwa apate angalau lita 2 na nusu kwa siku. Mwenye maradhi ya moyo, au ambaye figo zake zimedhoofika, amwulize daktari kwanza.

Soda za sukari zimehusishwa na ongezeko la vijiwe. Limau, kinyume chake, lina sitreti inayozuia kalsiamu isigandamane. Wenyeji wa hapa husifu chai yao chungu ya mitishamba kwa kupoza mwili, lakini ile ya kopo hutiwa sukari nyingi. Mimi naiweka karibu na soda.

Maji ya moto ya kunywa, alhamdulillahi, hapa hayakosekani: bomba lake lipo stesheni na hospitalini. Dada yule sasa hutembea na chupa yake ya chai iliyojaa maji. Na vyoo vya soko lile, ananiambia, ameshavijua vyote, ghorofa kwa ghorofa.