Chembe za Damu na Maradhi ya Selimundu



Baada ya kumshukuru Mola wetu na kumsalia Mtume wake, leo tuuzungumze mwili. Katika Suratul Muuminun tumetajiwa jinsi mwanadamu anavyopitishwa hali baada ya hali tumboni mwa mamaye. Wataalamu nao hutueleza kwamba mwili umejengwa kwa chembe hai, yaani seli, zisizoonekana ila kwa hadubini. Seli zishirikianazo kazi moja huitwa tishu. Ziko tishu zifunikazo, kama ngozi ya juu. Ziko za misuli. Ziko za neva. Na ziko tishu unganishi, kama mifupa. Wanafunzi wetu wa sekondari wanayajua hayo, sitayarefusha. Lakini wengi hawajui kuwa damu nayo, ingawa ni majimaji, huhesabiwa katika tishu unganishi.

Seli nyekundu ya damu huzaliwa ndani ya uloto wa mifupa. Ikikomaa hukitupa kiini chake ili ipate nafasi ya himoglobini, ichukuayo hewa ya oksijeni. Ni kama kisahani kilichobonyea katikati, laini, hupenya hata mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Hutumika siku 120 hivi, kisha hufa na nyingine hushika zamu. Kwa mwenye selimundu, himoglobini ina kasoro: seli hukakamaa, hupinda mfano wa mundu, hukwama mishipani, na huishi siku 10 hadi 20 tu. Ndipo mtoto hupungukiwa damu na kulia kwa maumivu ya mifupa. Aghalabu dalili huanza akipita miezi 6, viganja na nyayo zikivimba. Nasi watu wa Songea twaijua baridi ya Juni na Julai; baridi hiyo huyachochea maumivu. Mfunikeni mtoto, mpeni maji mengi, wala msimkatishe kliniki.

Lipo jambo linaloniuma. Toka Lizaboni hadi Ruhuwiko hutakosa kusikia mama akilaumiwa: ukoo wake una mikosi, amerogwa, apewe talaka. Hiyo ni dhuluma. Mtoto haupati ugonjwa huu ila arithi kwa wazazi wote wawili, baba na mama. Nao huenda wakawa wazima kabisa, kila mmoja amebeba kinasaba kimoja tu. Basi katika kila mimba yao upo uwezekano wa robo moja mtoto awe mgonjwa. Tunapopeleka posa twauliza ukoo, tabia na mahari. Tuulize na damu. Kupima hakuharamishi ndoa. Huwapa wachumba kujua kabla ya kuamua. Waulizeni waganga katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa.

Dawa ya haidroksiurea huwapunguzia wengi maumivu, na mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikizia uloto watoto wenye selimundu. Lakini mtoto aliyeishiwa damu usiku wa leo anangoja chupa ya damu, na damu haitengenezwi kiwandani. Mwenye afya, wa miaka 18 hadi 65, mwenye kilo 50 au zaidi, aweza kuitoa: mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4.