Kutu ya Ndani



Sisi wa karakana ya reli twaijua kutu vizuri. Leo twasema juu ya wenzetu mafundi wa ndege ndogo, maana adui yetu ni mmoja.

Ndege ya Piper J-3 Cub ilianza kuundwa Marekani mwaka 1938, na nyingi zaruka hadi leo. Mwili wake ni mabomba membamba ya feleji yaliyochomelewa pamoja, kisha yakavikwa kitambaa. Unyevu ukiingia ndani ya bomba hugeuka maji, hushuka mpaka chini karibu na mkia, na chuma huliwa polepole. Kwa nje rangi yang'aa. Ndani limebaki ganda tu.

Dawa yake ni hii. Fundi hutoboa tundu dogo, hutia mafuta ya kitani yaliyopashwa moto, huugeuza mwili wa ndege ili yafike kila pembe, humwaga yaliyobaki, kisha huziba tundu kabisa. Mafuta hukauka yakawa kama ngozi juu ya chuma.

Mwaka 1993 serikali ya Marekani iliamuru nguzo zinazoshika mabawa ya ndege nyingi za Piper zikaguliwe, kwa ajili ya kutu ya ndani. Nguzo ikikatika, bawa hung'oka.

Msimamizi aweza kusema, "Ziba upesi, nani atatazama?" Hakuna atakayetazama, ndugu, ndiyo sababu lazima ifanywe sawasawa. Basi tudai muda wa kutosha kwa kazi isiyoonekana, na tukiupata tusiupoteze.