Kabla ya Kupanda Ndege: Somo Kutoka kwa Askari wa Burma

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana na wanajeshi wastaafu, wadi ya Waithaka



Nimeombwa nizungumze kuhusu kazi za ng'ambo, hasa kazi ya kufundisha Kiingereza, kwa sababu wengi wenu mmekuwa mkiuliza. Kuna kijana aliyehitimu chuo na hajapata kazi, na kila siku anaona matangazo kwenye simu. Kuna mwanajeshi aliyestaafu angali na nguvu. Huyo amezoea nidhamu na safari, na anajiambia, "Wacha nikafundishe miaka miwili, nirudi ninunue ploti, nitulie." Wazo hilo si baya, wala sikuja kulipinga. Nimekuja na habari za mzee mmoja, kisha niwaachie maswali matano.

Mzee huyo ni Waruhiu Itote, ambaye historia inamjua kama Jenerali China. Alizaliwa Nyeri mwaka wa 1922. Mwaka wa 1942 alijiunga na jeshi la KAR, akiwa mmoja wa Wakenya karibu 98,000 waliotumikia jeshi katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Alipelekwa Ceylon, nchi tunayoiita Sri Lanka leo, kisha Burma. Katika kitabu chake anasimulia jinsi mazungumzo na wanajeshi wa nchi nyingine, Mwingereza na Mmarekani mweusi, yalivyomfanya ajiulize anapigania nini.

Katika KAR, amri zilitolewa kwa Kiswahili. Mkamba, Mluo, Mnyasa na Mganda walielewana kwa lugha hiyo. Kiingereza kilikuwa lugha ya maofisa, na maofisa walikuwa Wazungu. Kuelekea mwisho wa vita, jeshi lilianza kuwafundisha askari Kiingereza kupitia idara yake ya elimu, na baadhi ya walimu walikuwa askari Waafrika. Mmoja wa waliotumikia idara hiyo ni Robert Kakembo wa Uganda, aliyeandika kitabu kidogo kueleza mambo ambayo askari Mwafrika angetarajia baada ya vita. Kwa hivyo mwanajeshi kushika chaki si jambo geni kwetu. Hata hapa jirani Kabete, Shule ya Jeanes, mahali ilipo Kenya School of Government leo, ilitumiwa baada ya vita kuwafunza askari waliorudi.

Itote aliporudi alifanya kazi katika shirika la reli, kisha akaingia msituni kupigania uhuru. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kifo, na hukumu hiyo ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Alipelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana, kwenye joto na vumbi. Huko alimkuta Jomo Kenyatta. Alimkuta pia Bildad Kaggia, askari mwenzake wa zamani, aliyekuwa ametumikia jeshi Mashariki ya Kati na Uingereza.

Ni huko gerezani ambapo Kenyatta alimfundisha Itote Kiingereza. Hapakuwa na darasa wala cheti. Palikuwa na mzee mwenye maarifa na mtu mzima ambaye hakuona haya kuwa mwanafunzi. Mwaka wa 1967 Itote alichapisha kumbukumbu zake kwa Kiingereza, na mpaka leo wanaoandika historia ya Mau Mau wanakirejelea kitabu hicho.

Je, alitulia vipi? Aliachiliwa mwaka wa 1962, akapelekwa Israel kwa mafunzo ya uofisa, na baada ya uhuru akawa miongoni mwa viongozi wa National Youth Service, iliyoanzishwa mwaka wa 1964. Alikaa huko miaka mingi, akisimamia vijana waliokuwa wakijifunza kazi za mikono. Aliaga dunia mwaka wa 1993. Alichokipata Burma na Lokitaung alikirudisha nyumbani, kikawafaa vijana ambao hawakuwahi kuvuka mpaka.

Sasa turudi kwa simu zenu. Burma ya Itote ndiyo Myanmar ya leo. Tangu mwaka wa 2022 serikali yetu imekuwa ikitoa tahadhari kuhusu Wakenya wanaoahidiwa kazi nzuri Thailand, kisha wanavushwa mpaka kwa siri hadi Myanmar. Huko wananyang'anywa pasipoti, wanafungiwa kwenye majengo yenye walinzi, na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Walanguzi wanawatafuta vijana waliosoma, wanaojua kompyuta na wanaoandika Kiingereza vizuri. Yaani kile tunachojivunia ndicho kinachowavutia. Mwaka wa 2025 makumi ya Wakenya waliokolewa huko na kurejeshwa nyumbani.

Itote alipelekwa Burma na dola, kwenye vita ambavyo si yeye aliyevianzisha. Kijana wa leo anapelekwa huko na mtu ambaye hata jina lake halisi halijui.

Mimi nilisomea uanahabari. Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kuuliza maswali matano kabla ya kuandika chochote. Yatumieni kabla ya kulipa chochote.

Nani? Ni nani anayekupeleka? Wakala wa ajira za ng'ambo lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Orodha ya waliosajiliwa iko wazi kwa umma. Namba ya WhatsApp peke yake si wakala.

Nini? Mkataba unasema kazi gani hasa? Mwalimu wa kweli huulizwa vyeti. Thailand, kwa mfano, mwalimu wa kigeni wa shule hutakiwa kuwa na shahada. Ukiambiwa huhitaji shahada, wala mahojiano, wala uzoefu, jiulize kinachotafutwa ni nini.

Wapi? Shule inaitwaje, na iko mji gani? Piga simu shuleni wewe mwenyewe. Ubalozi wetu ulio Bangkok unaweza kuulizwa pia.

Lini? Kibali cha kazi kitatoka lini? Ukiambiwa uingie kwa viza ya utalii na mengine yatarekebishwa ukifika, usipande ndege. Viza ya utalii haikupi ruhusa ya kufanya kazi.

Kwa nini? Kwa nini mshahara ni mkubwa hivyo, na haraka yote hii ni ya nini? Kazi halali haifi kwa sababu umeomba wiki moja ya kuuliza.

Na ukijua mtu aliyenaswa, piga ripoti kwa polisi. Ulanguzi wa binadamu ni kosa chini ya sheria ya mwaka wa 2010, na aliyetapeliwa hana hatia ya kutapeliwa. Tusimfiche ndani ya nyumba kwa aibu. Simulizi yake inaweza kumwokoa mtoto wa jirani.

Kwenu wanajeshi wastaafu nina ombi. Mmeona dunia. Mnajua kusoma ramani, mnajua hati halali inavyofanana, na mnajua kumwuliza mtu maswali hadi aseme ukweli. Kabla ya kijana wa hapa Waithaka kutia sahihi, aje kwenu na karatasi zake. Dakika kumi zenu zinaweza kumwokoa. Na anayetaka kufundisha asidhani ni lazima avuke bahari. Lokitaung ilitosha.

Nendeni salama, na mkienda mbali, rudini na kitu cha kutufundisha.