Vijidoa na Cheche Machoni: Mazungumzo Mbele ya Mkutano wa Ukoo, Dubai



Nimeombwa niseme machache juu ya macho. Nimechagua jambo moja tu, kwa kuwa katika jambo hilo siku chache za kungoja zaweza kumpofusha mtu.

Ndani ya jicho mmejaa ute angavu, wenye kuteleza kama uteute wa dafu changa. Umri ukisonga, hasa baada ya miaka 50, ute huo hulegea, ukasinyaa na kubanduka kutoka retina, yaani ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho upokeao nuru. Wenye miwani ya kuonea mbali, na waliokwisha kupasuliwa mtoto wa jicho, huweza kuwahi zaidi. Kubanduka huko kwenyewe si maradhi. Mtu huona vijidoa na nyuzi zikielea, akapunga mkono kufukuza inzi, na inzi hakuna.

Shida huja pale ute unapong'ang'ania retina mahali fulani. Ukivuta, huichana. Katika kila watu 100 wanaomwendea daktari kwa dalili mpya za namna hii, 10 au zaidi kidogo hukutwa na mchaniko. Maji hupenya hapo, yakaiinua retina kama karatasi ya ukutani iliyoingiwa na unyevu.

Basi mkiona vijidoa vingi vya ghafla, mfano wa masizi yaliyomwagwa. Au cheche kama za umeme pembeni mwa jicho, hasa gizani. Au kivuli kinachoingia upande mmoja kama pazia, nendeni siku ile ile. Jicho halitauma. Nalisisitiza hili, maana sisi tumezoea kupima ugonjwa kwa maumivu.

Mchaniko ukiwahiwa, daktari huuzingira kwa leza, na mgonjwa hulala nyumbani kwake usiku huo. Retina ikishabanduka, ni operesheni. Na kabla ya Jules Gonin, daktari wa Lausanne, kuonyesha katika miaka ya 1920 kwamba tundu lazima lizibwe, karibu kila aliyepatwa na hayo alipofuka.

Ukoo wetu una desturi ya kungoja: wa ughaibuni hungoja likizo, wa nyumbani hungoja mtoto alete fedha. Hapa Dubai tawi la Moorfields ya London lilifunguliwa mwaka 2007. Moshi iko KCMC. Kenya iko hospitali ya macho ya Kikuyu. Popote uendapo, omba matone ya kupanua mboni, kwani bila hayo kingo za retina hazionekani vyema; na usiendeshe gari wakati wa kurudi. Ukiambiwa urudi baada ya wiki kadhaa, rudi, kwa kuwa mchaniko huweza kutokea baadaye.

Nimalizie na jambo linalotuhusu sisi wasafiri. Baadhi ya waliofanyiwa operesheni hutiwa gesi jichoni, nayo hukaa humo wiki mbili hata miezi miwili, kwa aina yake. Ndegeni gesi hiyo hupanuka, ikalisonga jicho na kuliharibu. Aliyetiwa gesi London asikatiwe tiketi ya kuja harusini mpaka daktari wake aseme kuwa imekwisha.