Vitabu vya Kuwapa Vijana Wetu



Mto Tana ufurikapo, njia za Garsen hukatika, na watoto wetu hukaa nyumbani. Asiye na kitabu siku hizo husahau hata alichokwisha kujifunza.

Kwa hiyo twapendekeza wadogo wapewe Hekaya za Abunuwasi, wacheke huku wakipata akili. Wakubwa kidogo wapewe Adili na Nduguze, alichokitoa Shaaban Robert mwaka 1952. Humo ndugu wawili wanageuzwa manyani kwa sababu ya husuda yao.

Wazee wetu, jioni waambieni wajukuu wawasomee. Nanyi wasimulieni habari za Fumo Liyongo, ambaye wahenga husema kaburi lake li Kipini, mlangoni mwa mto wetu. Kitabu kisichosomwa ni chakula cha mchwa.