Mafuta ya Ufuta na Kopo la Unga
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Leicester)



Nimetakiwa niseme machache juu ya tiba ya Kihindi iitwayo Ayurveda, kwa kuwa yasemekana mimi ndiye niliyeileta katika ukoo huu. Sikatai. Ila leo nitasema pia jambo ambalo sijapata kulisema mbele yenu.

Jina lenyewe ni la Kisanskriti, maana yake elimu ya uhai. Matabibu wake huamini kwamba mwili huongozwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na kwamba maradhi huingia mizani yake inapoharibika. Msidhani ni mambo mageni. Sisi watu wa pwani maumivu ya viungo huyaita baridi yabisi, na yabisi kwa Kiarabu ni kavu. Vata nayo husemwa kuwa ni baridi tena kavu, na ndiyo hulaumiwa viungo vinapouma. Dawa yake ni mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, mtu akakandwa kuanzia utosini hadi nyayoni. Nilipokandwa hivyo huko Kerala mwaka 2012, nililala juu ya ubao nikamkumbuka marehemu bibi yetu, aliyewakanda waliojifungua siku arubaini bila ya kusoma kitabu chochote.

Yoga nilishauriwa na daktari wangu, kwa ajili ya mgongo, na imenifaa. Wapo kati yenu wenye wasiwasi wa dini. Wasiwasi huo nauheshimu, kwani asili yake imo katika dini za Bara Hindi. Mimi huchukua kujinyoosha na kuvuta pumzi taratibu. Yaliyobaki nawaachia wenyewe.

Sasa kopo. Mwaka 2016 niliuziwa unga wa dawa katika kopo lisilo na maandishi ya vilivyomo. Muuzaji alinihakikishia kuwa ni majani matupu, na kwamba utaniondolea presha. Nikaacha vidonge vya hospitali. Baada ya wiki saba tumbo likanisokota, choo kikafunga, mikono ikaishiwa nguvu. Na presha, badala ya kushuka, ikapanda. Damu ilipopimwa ikakutwa risasi, madini yale yale ya kutengenezea risasi za bunduki. Nayo yenyewe hupandisha presha.

Sikujua kwamba katika tawi moja la Ayurveda, liitwalo rasa shastra, madini kama risasi na zebaki hutiwa dawani kwa makusudi, yakiaminiwa kuwa yamesafishwa kwa moto. Mwaka 2004 Daktari Robert Saper na wenzake walichapisha uchunguzi wa dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston, Marekani. Dawa 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki.

Nusu ya unga ule nilikwisha kumpelekea dada yangu Mombasa, pamoja na barua ya kumhimiza aache vidonge vyake. Alinisikiliza kwa kuwa mimi ndiye msomaji wa vitabu. Nilipompigia simu autupe, nilimwambia umeharibika tu. Fedheha ilinizuia kusema sababu. Damu yake haikupimwa hadi mwaka uliofuata. Dada, umekaa hapo mbele. Nakutaka radhi mbele ya wote.

Najua masanduku mliyokuja nayo yana vikopo, kwani ndivyo tunavyopendana. Naomba asipewe mzee yeyote kabla daktari wake hajajulishwa, wala mtu asiache vidonge kwa neno la jamaa. Mjamzito na mtoto mdogo hata kuonjeshwa wasionjeshwe, kwani risasi huharibu ubongo wa mtoto.

Mafuta ya ufuta nimeleta chupa tatu, ziko jikoni. Baada ya chakula cha mchana nitawaonyesha vijana namna ya kukanda magoti ya wazee. Wa kwanza atakuwa dada, akikubali.